Bati Lililong'aa

Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nililisugua bati la binti yangu Christella kwa majivu na kipande cha gunia mpaka likang'aa. Nilianza na pembe, nikaingia katikati, nikalisuuza kwa maji mara mbili, nikaliegemeza ukutani likauke. Dakika kumi tu. Nilitoka langoni nikiwa nimeridhika, maana kazi moja ya Jumamosi ilikuwa imepungua.

Jumamosi hiyo tulikuwa tunamaliza matanga ya mama yetu. Tumezaliwa wanne: Alphonse, mkubwa wetu, mwalimu huko Mahagi, Émilienne, aliyeolewa Marabo, mimi Véronique, na Laurent, kitinda mimba, ambaye ana pikipiki ya kubeba abiria hapa hapa Bunia. Mama alitoka Djugu kwa miguu, nyumba ikiungua nyuma yake. Alikaa miezi saba kwenye kambi ya waliohama, kisha nikamchukua kwangu. Alikaa nami miaka mitatu, akafia kwenye kitanda changu.

Siku ya mazishi Alphonse alisema jambo mbele ya watu wote, na mpaka leo halijanitoka masikioni.

"Véronique amekula Mama peke yake. Siye wengine tumebaki na jina."

Neno lile liliuma kwa sababu lilikuwa na kweli ndani yake. Barabara ya Mahagi ilikuwa mbaya miaka yote hiyo, na Alphonse hakumwona Mama tena akiwa hai. Picha nazo hazikuwepo. Za zamani ziliungua na nyumba, kadi yake ya kupigia kura ilipotelea njiani. Pale kambini, kila mara watu wa mashirika walipokuja na kamera, Mama alivuta kitenge akajifunika uso mzima. "Picha ni ya mutu mwenye iko kwake," alisema. "Miye siko kwangu." Alipohamia kwangu hakubadilika. Nilipoinua simu, kitenge kilipanda.

Alimkubalia Christella peke yake, kwa sababu Christella hakupiga picha, alichora. Alikuwa anakaa naye juu ya mkeka huku Mama akichambua maharagwe, saa nzima, saa mbili, penseli mkononi. "Wa simu wanakamata uso na wanaenda," Mama alisema. "Huyu anakaa."

Basi pale kaburini, kabla sijafikiri, nilisema kwa sauti: "Siku ya kumaliza matanga, kila mutoto wa Mama ataenda na uso wake. Siye wote wane." Katekista alisikia. Mashangazi walisikia. Alphonse alinitazama, akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mwalimu anayepokea kazi atakayoisahihisha baadaye.

Niliahidi bila kujua jambo lenyewe linafanywaje. Nilifikiri ni fotokopi. Tulijaribu: mchoro wa penseli ulitoka wa kijivu, na mstari mweusi ukapita katikati ya pua. Mama alionekana kama mtu anayetafutwa na polisi. Christella aliikunja ile karatasi akasema, "Acha miye, Mama. Nitamukwaruza."

Alisoma miaka mitatu chuo cha sanaa Kinshasa, na hiyo ndiyo kazi aliyorudi nayo. Kwa Kifaransa ni pointe sèche, ncha kavu, kwa kuwa haina asidi wala dawa yoyote, ni nguvu ya mkono tu. Anachukua bati laini la alumini, yale yanayotupwa na wachapaji wa kalenda, analikwaruza kwa sindano. Sindano yenyewe aliinoa kutoka kwenye njiti ya gurudumu la pikipiki ya Laurent, akaifungia kwenye kipande cha mti. Akimaliza anapaka wino mweusi mzito, halafu anaufuta kwa chandarua cha zamani kilichokaushwa na maji ya mihogo kiwe kigumu kidogo. Wino wa juu unatoka, wa kwenye mikwaruzo unabaki. Anaweka karatasi nene iliyolowana, juu yake blanketi, kisha vyote vinapita kati ya vyuma viwili vinavyobana. Vyuma tulivipata kwa fundi Rachidi, sokoni, anayetengeneza mifereji ya mvua na mbabula, yaani majiko ya makaa. Ana mashine ya kukunjia bati, yenye mkono wa kuzungusha. Blanketi lilikuwa lile la kijivu la kambini, la Mama mwenyewe.

Christella alikwaruza wiki mbili. Jumatano alijaribu mara moja kwa karatasi ya daftari.

"Mama Christella," Rachidi alisema huku akizungusha, "mashine hii imezoea mbabula. Leo munaniletea tate wa watu." Tate ndivyo watoto walivyomwita nyanya yao.

Christella aliinua karatasi polepole. Nikakaa kwenye ndoo ya Rachidi bila kuuliza kama ina kitu ndani. Alikuwa yeye. Jicho moja dogo kuliko jingine, midomo iliyobanwa kama anataka kuuliza nani ameacha mlango wazi. Kivuli chini ya kitambaa cha kichwa kilikuwa cheusi na laini, kama masizi mapya kwenye tako la sufuria. Ungetaka kukigusa. Karatasi ilikuwa nyepesi, ikanata kwenye bati na kuchanika ilipobanduliwa, lakini hatukujali. Karatasi nzuri zilikuwepo, sita, alizotoka nazo Kinshasa. Tungechapa Ijumaa.

"Bati usiiguse, Mama," Christella aliniambia jioni ile. "Iko na wino. Nitaisafisha miye, na mafuta ya taa."

Sisi akina mama tukiambiwa hivyo tunasikia neno moja tu: kusafisha. Asubuhi nilikuta bati mezani, jeusi, limepakaa wino hadi kwenye kitambaa cha meza, na wageni wanakuja. Nina gradua, yaani diploma, ya lishe. Kazi yangu kwenye kituo cha afya ni kupima watoto uzito na kuwafundisha mama zao kusugua vyombo kwa majivu. Nikasugua.

Saa sita mchana simu ililia nikiwa na mtoto kwenye mzani.

"Mama, nani alifika kwa bati yangu?"

"Miye. Nimeiosha."

"Na nini?"

"Majivu."

Nilisikia jogoo wa jirani kwenye simu, ndipo nikajua yuko uani, amesimama tu.

"Mama, kuja nyumbani."

Christella si mtu wa kelele. Ingekuwa heri angekuwa. Nilipofika alikuwa ameketi kwenye kizingiti na bati mapajani, linarudisha jua kama kioo. Alichukua kipande kingine cha alumini, akakwaruza mstari mmoja, akakamata kidole changu akakipitisha juu yake. Kiliparuza.

"Unasikia? Sindano haitoe chuma. Inaisukuma pembeni. Ile yenye inasimama pembeni, wanaiita ndevu. Wino inalala mu ndevu. Ule weusi wenye uliona jana, wa kitambaa, wa macho, ni ndevu zote. Zenyewe ziko laini. Hata mashine inazilaza kidogo kidogo, ndiyo maana bati moja inatoa karatasi chache tu." Akapitisha kidole changu kwenye bati la Mama. Kilipita laini, kama kwenye sahani. "Weye umezinyoa."

"Labda zimebaki."

"Tuende tuone."

Tulitumia karatasi nzuri moja. Rachidi alizungusha bila mzaha, maana alituona nyuso. Karatasi ilipoinuliwa, Mama alikuwepo, lakini mbali. Mistari myembamba kama nywele, kijivu juu ya kijivu, uso wa mtu aliye ng'ambo ya moshi. Kivuli chote kilikuwa kimeondoka. Rachidi aliangalia muda mrefu.

"Amekonda," akasema.

Zilibaki karatasi tano. Simu yangu ikatikisika mfukoni: ujumbe wa Alphonse. *Tunatoka kesho asubuhi na msafara wa magari. Natumaini ahadi iko.* Nikazima simu, nikaiwasha tena kwa sababu Émilienne naye angesafiri kesho yake.

Tuliporudi nyumbani nilisema nitawaambia karatasi zimechelewa kutoka Kinshasa. Christella alikuwa ameinamisha bati kwenye mwanga wa dirisha.

"Mifereji bado iko," akasema. "Majivu haikufika ndani. Nikifuata kila mustari tena, ndevu zitasimama."

"Wiki mbili za kazi?"

"Wiki mbili ilikuwa kutafuta. Sasa najua pa kupita." Akanyoosha vidole. Kiganja chake kilikuwa kimevimba chini ya kidole gumba. "Lakini siwezi yote. Uso nitafanya miye. Kitambaa na giza ya nyuma ni yako."

"Yangu? Christella, miye sijui kuchora hata kuku."

"Sikukuomba kuku. Weye uko na nguvu ya kusugua. Tutaitumia."

Alinipa bati la mazoezi na sindano ya pili. Ukishika wima sana inachimba na kukwama. Ukilaza sana inateleza. Inataka mlalo mmoja tu, na mkono mzito bila haraka, na haraka ndiyo asili yangu. Saa nzima niliharibu chuma. Kisha nikaanza kusikia ile sauti anayoitaka, kama panya anayetafuna nafaka kavu, na kidole kikaparuza. Akatikisa kichwa: sawa. Akanisogezea bati lenyewe.

Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa upana ule wa vidole viwili kati ya kitambaa na jicho la Mama. Tulifanya kazi kwa zamu mpaka mwanga ukaisha, na Ijumaa tukaanza ulipofika. Niliomba ruhusa kazini kwa mara ya kwanza mwaka huo. Kwenye giza la nyuma nilikwenda vizuri: mistari ya kulala, mistari ya kusimama, kama kufuma mkeka. Kwenye kitambaa nilishusha pumzi kila mstari.

Saa nne Émilienne aliingia na kuku wawili na gunia la mihogo, akakuta dada yake ameinamia bati kama fundi wa saa.

"Unafanya nini?"

"Kazi ya matanga. Anza kumenya."

"Ehe, miye nimetoka Marabo juu ya pikipiki na kuku kwa magoti, hata maji sijapewa, naambiwa kumenya."

"Maji iko kwa mtungi, dada."

Akamenya. Hakuuliza tena, lakini kila alipopita nyuma yangu alipunguza mwendo.

Simu ya Alphonse haikupatikana toka saa tatu. Saa sita haikupatikana. Laurent alipita akasema madereva kwenye stendi wanasema msafara umesimamishwa mahali, hawajui wapi, hawajui kwa nini. "Watu wanasema mengi," akaongeza, kisha akaondoka haraka, na hilo lilinitia hofu zaidi. Nilirudi kwenye bati nikiwaza barabara ile, vichaka vyake, vizuizi vyake. Nikawaza: akifika salama atakuta sina ahadi, asipofika, neno la mwisho kati yetu litakuwa lile la kaburini. Mkono ukateleza.

Mstari ulitoka kwenye ukingo wa kitambaa ukashuka hadi pembeni mwa jicho. Mrefu kama ukucha. Niliweka sindano chini.

"Christella."

Alikuja akatazama. Nilianza kutafuta maneno, naye akainua mkono ninyamaze. Alitazama kwa macho yaliyofinywa, bati likiwa mbali, kisha karibu.

"Tate alikuwa na mushipa pale," akasema. "Akikasirika."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeuona mshipa ule maisha yangu yote.

"Usiongeze tena, lakini," akasema.

Alphonse alipiga simu saa kumi na moja jioni. Walikuwa wamekaa muda wa saa tano kwenye kizuizi wakisubiri magari ya nyuma. Wangelala njiani, kwenye parokia, na kufika asubuhi. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Misa ni saa ine?" aliuliza. Nikasema ndiyo, saa nne. Hakuuliza juu ya ahadi, na mimi sikuitaja.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu tulikuwa kwa Rachidi. Alikuwa amefuta mashine kwa mafuta, amevaa shati safi kwa heshima ya shughuli. Christella alipaka wino, akaufuta kwa chandarua kwa mzunguko mwepesi, mwisho kwa kiganja cha mkono wake. Mimi nilikatazwa kusogea. Nilisimama mlangoni na karatasi tano zenye maji kati ya vitambaa viwili, kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake.

Ya kwanza iliingia upande, blanketi likajikunja, ikatoka na mkunjo kutoka paji la uso hadi kidevu. Ikabaki nne. Ya pili ilitoka.

Sitasema ilikuwa kama ya Jumatano. Ilikuwa nyeusi zaidi. Giza langu la nyuma lilikuwa zito, na kutoka ndani yake Mama alitutazama kwa jicho lake dogo, na mshipa wake, akiwa hajapendezwa na mtu yeyote kati yetu. Rachidi aliachia mkono wa mashine.

"Amerudi na hasira," akasema.

Ya tatu ilitoka nzuri kuliko ya pili. Ya nne, Christella alipoibandua pembe ilikuwa bado imenata, ikachanika hadi kwenye shingo. Ya tano ilitoka nyepesi kidogo, lakini nzuri. Tatu. Karatasi zimekwisha, na watoto wa Mama ni wanne.

"Ya Alhamisi iko," Christella alisema bila kunitazama. "Ile ya moshi."

"Najua," nilisema. "Ni yangu."

Alphonse aliingia kanisani misa imeanza, na vumbi la njia likiwa bado kwenye nyusi. Alipiga magoti karibu yangu, hatukusalimiana ila kwa viwiko. Baada ya misa tulikwenda kaburini, kisha nyumbani. Watu walikula foufou ya mihogo na kuku na samaki wa ziwani, katekista akaomba, shangazi mkubwa akafungua kitambaa cheusi kichwani akasema basi, matanga yamekwisha. Wakati ulikuwa umefika. Nilileta karatasi zikiwa zimelazwa kati ya mbao mbili.

Alphonse alipata ya kwanza kwa sababu yeye ni mkubwa. Aliishika kwa mikono miwili, mbali na mwili. Midomo yake ilibanwa kama ile ya kwenye karatasi, na watu waliokuwa karibu waliangalia kimoja kisha kingine. Émilienne alipata ya pili akaenda nayo nyuma ya jiko. Laurent alipata ya tatu.

"Na yako?" Alphonse aliuliza.

Nilimwonyesha.

"Mbona ya kwako iko kama moshi?"

Christella alifungua mdomo. Nilijua angesema wino uliisha. Alikuwa tayari kunibebea. Nami nilikuwa tayari kumwacha abebe, nakiri, kwa muda wa pumzi moja.

"Ni miye, yaya," nilimwambia kaka yangu mkubwa. "Bati ilikuwa muchafu. Niliisugua. Karibu nimalize Mama kabisa. Mutoto alikwaruza upya siku mbili."

Alphonse aliniangalia. Émilienne alichungulia kutoka nyuma ya jiko, macho mekundu.

"Ulisugua na nini?" Émilienne akauliza.

"Majivu na gunia."

"Iling'aa?"

"Iling'aa."

Alphonse alitoa sauti ambayo kwanza nilidhani ni kilio. Alikuwa anacheka. Alijaribu kuizuia kwa sababu ya wazee, ikatokea puani. "Sufuria moja," alisema, "sufuria moja Mama alinirudisha nayo kwa mto mara tatu. Mara tatu, na baridi ile. 'Sijione uso wangu ndani, rudi.'" Émilienne alikuwa ameegemea ukuta, anacheka na kujifuta kwa kitenge. "Miye alinipima na kidole," alisema. "Kidole kikitoka cheusi, hakuna kula." Laurent, ambaye kama kitinda mimba hakuwahi kusugua chochote, alituangalia kama wageni.

"Mama angekusifu," Alphonse aliniambia. "Kisha angekupiga."

Jumapili alfajiri msafara wa kurudi ulikuwa unapangwa. Alphonse alikuwa na begi dogo na Biblia, nikamkuta anajaribu kuikunja karatasi mara nne iingie kwenye Biblia. Christella alimpokonya kabla mkunjo haujashika. Kumpokonya mjomba! Alibaki ameishika kifuani, anaona haya, lakini hakuirudisha.

"Haikunjwe, mujomba. Wino bado mbichi, na ikikunjwa imekufa."

"Nitaizungusha kama bomba, basi."

"Kwa barrière za barabarani watafungua," Laurent alisema kutoka juu ya pikipiki, injini ikinguruma. "Kila bomba wanafungua. Na mikono yao."

Alphonse alisimama pale uani. Nilimwona akifikiria barabara, vizuizi vyote, mikono yote. Kisha alichukua karatasi kutoka kwa Christella, akanipa mimi.

"Ukae naye," akasema. "Mpaka njia itulie. Halafu nitakuja kumuchukua."

"Inaweza kukawia, yaya."

"Najua. Ukae naye."

Alipanda nyuma ya Laurent wakaenda. Alifika Mahagi jioni ya siku ya pili. Mpaka alipopiga simu sikula.

Sasa Mama yuko ukutani kwangu mara mbili, mweusi na wa moshi, kila mmoja chini ya kioo. Njia haijatulia. Kioo kinashika vumbi, vumbi la Bunia mnalijua, na kila asubuhi nikipita mkono unawasha. Christella ndiye anayekipangusa, kwa kitambaa kikavu. Mimi siruhusiwi.